Nishani Zisizoandikwa: Jinsi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Veterani wa Jeshi la Marekani

Baba mkwe wangu alifika Vietnam tarehe 10 Novemba 1967, akaondoka tarehe 8 Novemba 1968. Fomu yake ya DD 214, ile karatasi anayokabidhiwa kila anayetoka jeshini Marekani, ilikaa zaidi ya miaka 50 ndani ya bahasha ya kaki chini ya droo ya soksi. Siku aliyoitoa akaniwekea mezani, alikuwa na neno moja tu. "Hapa pangekuwa na Purple Heart," akasema, kidole kikiwa juu ya kisanduku cha 24. "Hawakuiandika." Purple Heart ni nishani ya askari aliyejeruhiwa na adui. Mkono wake wa kushoto una kovu la kipande cha bomu la mota, urefu wake kama njiti ya kiberiti.

Tulipomaliza kusoma faili lake tulikuta vimekosekana vitu vinne, si kimoja. Vitatu vilipatikana bila kelele. Purple Heart ndiyo iliyotutoa jasho, na humo ndimo nilimojifunza mengi ya haya ninayoyaandika.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuanzia mwisho. Anasikia kuna bodi ya kusahihisha kumbukumbu, anajaza fomu ya DD 149 usiku huohuo, anaandika kwa uchungu ukurasa mzima wa masikitiko, anatuma. Miezi inapita, kisha barua inarudi: ulipaswa kuanzia ofisi nyingine, au hukuambatisha ushahidi. Kazi kubwa iko kabla ya fomu. Kwa hiyo tuanze huko.

Kwanza, jua pengo lako ni la aina gani

Nishani hukosekana kwenye DD 214 kwa sababu tatu, na kila sababu ina mlango wake.

Aina ya kwanza ni ya karani. Haki ipo na inathibitika kirahisi, ila siku ya kuchapa fomu palikuwa na foleni ya vijana wanaotaka kwenda kwao, karani akaandika alichokiona mbele yake. Katika kundi hili wamo pia wale ambao nishani yao ilizaliwa baada ya wao kutoka. Korea Defense Service Medal, kwa mfano, ilianzishwa na Bunge la Congress mwaka 2002, lakini inawahusu waliotumikia Korea Kusini kuanzia tarehe 28 Julai 1954. Aliyekuwa huko mwaka 1975 hawezi kuikuta kwenye fomu iliyochapwa 1976, na karani hana kosa. Vivyo hivyo nishani ambayo serikali ya Korea Kusini iliwapa askari wa Vita vya Korea: ilitolewa mwaka 1951, Marekani ikaikubali mwaka 1999. Nao waliopigana Vita Kuu ya Pili wakapata beji ya Combat Infantryman au ya Combat Medical kwa utumishi wa kati ya tarehe 7 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945, tangu 1947 wanastahili nishani ya Bronze Star. Wengi walikwisha kwenda nyumbani, hawakuomba kwa sababu hawakujua.

Aina ya pili ni ya ushahidi wenye utata: ulistahili, lakini amri haionekani, au karatasi moja inasema hivi na nyingine inasema vile. Purple Heart nyingi zimelala hapa.

Aina ya tatu ni pale ambapo hakuna aliyewahi kukupendekeza. Ulifanya jambo la ushujaa, wenzako walikuona, luteni akasema "nitaandika," kisha luteni akahamishwa au akafa. Hapo hakuna kosa la kumbukumbu la kusahihisha, maana kumbukumbu inasema kweli: nishani haikutolewa. Ukiipeleka kesi hii kama kosa la karani utapigwa danadana hadi uchoke.

Hatua ya 1: Pata faili zima

DD 214 ni muhtasari tu. Unachohitaji ni faili lote la utumishi, pamoja na rekodi za matibabu. Kwa walio wengi, hasa waliotoka zamani, faili liko kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi cha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kilichoko St. Louis, Missouri, maarufu kwa kifupi chake NPRC. Unaomba kwa fomu ya SF 180, kwa posta au faksi, au kwa mtandao kupitia huduma ya eVetRecs. Waliotoka miaka ya karibuni mara nyingi hupata nyaraka zao wenyewe kupitia tovuti ya milConnect.

Mambo matatu hapa usiyapuuze. Andika wazi kwamba unataka nakala ya faili zima la utumishi. Ukiomba tu "kumbukumbu zangu" utaletewa DD 214 uliyonayo tayari. Kama ulilazwa, taja jina la hospitali na mwaka, kwa sababu rekodi za waliolazwa huhifadhiwa kando kwa hospitali na mwaka, hazimo ndani ya faili lako. Na weka sahihi na tarehe. Ombi lisilo na sahihi halifanyiwi kazi, basi.

Kama veterani amefariki, anaweza kuomba mjane au mgane ambaye hajaolewa au kuoa tena, baba, mama, mtoto, kaka au dada, kwa kuambatisha uthibitisho wa kifo. Mjukuu hayumo katika orodha hiyo. Lakini faili la mtu aliyetoka jeshini miaka 62 iliyopita au zaidi huwa wazi kwa umma: yeyote anaweza kununua nakala kwa ada, ndugu au si ndugu.

Kama faili liliungua

Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka ghorofa ya juu ya jengo la kituo hicho, wakati huo likiwa Overland, nje kidogo ya St. Louis. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, ni kama asilimia 80 ya mafaili ya waliotoka kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na tarehe 1 Januari 1960. Kwa Jeshi la Anga, ni kama asilimia 75 ya waliotoka kati ya tarehe 25 Septemba 1947 na tarehe 1 Januari 1964 ambao majina yao yanafuata Hubbard, James E. katika alfabeti. Hapakuwa na nakala nyingine. Jeshi la Majini na Marine hawakuguswa na moto huo, kwa hiyo mtu akikuambia faili la babu yako wa Marine liliungua 1973, muulize vizuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ndilo lililopotea, lakini habari zake zimesambaa kwingine. Kituo chenyewe huunda upya faili kutokana na hati za malipo ya mwisho, ripoti za asubuhi za kombania, na kumbukumbu za kulazwa zilizotoka ofisi ya mganga mkuu wa jeshi za miaka ya 1942 hadi 1945 na 1950 hadi 1954. Watakutumia fomu ya NA 13075 uwaeleze ulitumikia wapi na lini, na NA 13055 kwa mambo ya matibabu. Jaza kila unachokumbuka, hata kama ni jina la kombania na msimu wa mwaka tu.

Wewe nawe usikae ukisubiri. Nenda ofisi ya kaunti alikorudi baada ya jeshi: wengi walishauriwa kuandikisha fomu zao za kutoka kwa karani wa kaunti, na nakala hizo zipo hadi leo. Kama aliwahi kudai fidia kwa Idara ya Maveterani, faili la madai linaweza kuwa na nakala za karatasi zilizoungua. Na fungua masanduku ya nyumbani.

Hatua ya 2: Lisome faili kama mkaguzi

Faili la askari wa enzi ya Vietnam lina kadi ndefu iitwayo DA Form 20. Kwangu mimi hii ina thamani kuliko DD 214 yenyewe, kwa sababu iliandikwa kidogo kidogo wakati mambo yakitokea. Tafuta humo namba hizi: 31 inaonyesha utumishi wa nje ya nchi na tarehe zake, 38 inaonyesha kila kikosi alichopangiwa, na pembeni yake alama za mwenendo na ufanisi, 39 ni operesheni alizoshiriki, 40 ni majeraha, 41 ni nishani na beji. Chukua kalamu, weka DA Form 20 upande mmoja na DD 214 upande mwingine, kisha linganisha mstari kwa mstari. Kilichopo kushoto na hakipo kulia ni aina ya kwanza, na umekwisha kushinda.

Kwenye DD 214 za siku hizi nishani ziko kisanduku cha 13. Za enzi ya Vietnam mara nyingi ni kisanduku cha 24, na matoleo mengine yana namba nyingine, kwa hiyo soma kichwa cha kisanduku usitegemee namba. Ukiwa na fomu ya siku hizi, tumia nakala iliyoandikwa Member-4 chini yake; ile ya Member-1 imefutwa baadhi ya mambo na ofisi nyingi huikataa.

Baada ya kulinganisha, tengeneza orodha ya unachostahili kutokana na mahali na tarehe tu. Hebu niwaonyeshe kwa baba mkwe. DD 214 yake ilikuwa na National Defense Service Medal, Vietnam Service Medal, Vietnam Campaign Medal na beji ya shabaha. Inaonekana imetimia. Lakini vita vya Vietnam kwa Jeshi la Nchi Kavu vimegawanywa katika operesheni rasmi 17, kila moja na tarehe zake, na kwa kila operesheni uliyokuwepo unapata nyota moja ya shaba juu ya utepe wa Vietnam Service Medal. Yeye alifika wakati wa awamu ya tatu ya mashambulizi, iliyoisha tarehe 29 Januari 1968. Kesho yake ikaanza operesheni iitwayo Tet, hadi tarehe 1 Aprili. Kisha awamu ya nne hadi tarehe 30 Juni, ya tano hadi tarehe 1 Novemba, na ya sita ikaanza tarehe 2 Novemba, siku 6 kabla hajapanda ndege. Hesabu: tano. Nyota tano za shaba hubadilishwa na moja ya fedha. Fomu yake haikuwa na nyota hata moja.

Cha pili, Gallantry Cross, nishani ya heshima kwa vikosi kutoka serikali ya Vietnam Kusini. Amri kuu namba 8 ya Jeshi ya mwaka 1974 iliitoa kwa vikosi vyote vya Jeshi la Nchi Kavu vilivyokuwa Vietnam chini ya makao makuu yake kule. Yeye alitoka 1969, kwa hiyo isingeweza kuwemo. Heshima za vikosi unazikuta kwenye vijitabu viwili vya Jeshi: DA Pam 672-1 kwa Vita Kuu ya Pili na Korea, na DA Pam 672-3 kwa Vietnam. Unatafuta kikosi chako, tarehe zako, unanakili namba ya amri. Dakika kumi.

Cha tatu, Good Conduct Medal. Kwa kawaida inataka miaka 3, lakini kwa anayemaliza utumishi wake wa kwanza inaweza kutolewa hata kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wengi walioandikishwa kwa lazima kwa miaka 2 waliondoka bila hiyo kwa sababu hakuna aliyekaa kuandika amri. Angalia namba 38: kama alama za mwenendo na ufanisi zote ni "excellent," na hakuna karatasi ya kamanda inayomnyima, na hakuna adhabu, una hoja nzuri.

Cha nne ni kile kidole kilichokuwa juu yake. Namba 40 ilikuwa tupu.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi wa wakati ule

Waamuzi wa mambo haya wanaipa karatasi iliyoandikwa siku ya tukio uzito kuliko maelezo yaliyoandikwa miaka 50 baadaye, hata kama yameapiwa mbele ya wakili. Mtu akiona hilo ni dharau kwa wazee anakosea. Kumbukumbu ya binadamu inajulikana. Amri rasmi yenye namba ndiyo ya juu kabisa. Chini yake ni rekodi ya hospitali, orodha ya majeruhi, ripoti ya asubuhi. Kisha barua za wakati huo, gazeti la nyumbani, picha yenye tarehe. Maelezo ya mashahidi yanakuja kuunganisha, si kubeba.

Kwa Purple Heart lazima uonyeshe mambo matatu: jeraha lilisababishwa na adui, lilihitaji kutibiwa na mganga, na matibabu yaliandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Kwa waliojeruhiwa ubongo na mlipuko baada ya tarehe 11 Septemba 2001, maelekezo ya mwaka 2011 yalifafanua kwamba si lazima uwe ulipoteza fahamu. Wengi waliokuwa Iraq na Afghanistan wakirushwa na mabomu ya barabarani waliambiwa "hukuzimia, hupati"; hao wafungue mafaili yao upya.

Tulianza na ripoti ya asubuhi ya kombania yake, hati fupi iliyoandikwa kila siku hadi miaka ya 1970 kueleza nani ameingia, nani ametoka, nani amepelekwa hospitali. Ilikuwa kimya. Tulivunjika moyo mpaka nilipoelewa inavyofanya kazi: inaandika mabadiliko tu. Yeye alishonwa kwenye kituo cha huduma ya kwanza cha batalioni na kurudi zamu siku hiyohiyo. Kwa ripoti ya asubuhi, hakwenda popote.

Basi tukageukia kadi ya matibabu ya wagonjwa wa kutwa. Mstari mmoja, mwandiko wa haraka: kipande cha chuma, mkono wa kushoto, kimetolewa, nyuzi 4, sindano ya pepopunda, tarehe. Hakuna neno juu ya adui. Ofisi ya kwanza tuliyopeleka ilijibu, na kwa haki yao, kwamba kipande cha chuma kinaweza kutoka popote, hata kwenye ajali ya kambini.

Kilichookoa kesi kilikuwa College Park, Maryland, kwenye jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa zinakohifadhiwa nyaraka za vikosi vya Vietnam. Humo kuna shajara za kila siku za batalioni, zilizopigwa taipu na ofisa wa zamu saa kwa saa. Usiku wa kuamkia tarehe ile ile iliyo kwenye kadi, shajara inasema kambi ilipigwa mabomu ya mota, saa imetajwa, idadi ya majeruhi imetajwa, majina hayakutajwa. Kadi ina jina bila adui. Shajara ina adui bila jina. Tulizibandika kwenye ukurasa mmoja, tarehe juu ya tarehe. Wenzake wawili waliokuwa handaki moja naye wakaandika maelezo yao.

Kuhusu maelezo ya mashahidi, neno moja. Kila mmoja aandike kwa maneno yake, aseme alikuwa wapi, umbali gani, aliona nini kwa macho yake. Barua tatu zenye sentensi zinazofanana zinaharibu kuliko kusaidia. Na asiseme asichokiona. Fomu ya DD 149 yenyewe inaonya kwamba uongo ni kosa la jinai.

Hatua ya 4: Omba marekebisho ya kiofisi kwanza

Kwa aina ya kwanza, huhitaji bodi. Wale ambao mafaili yao yako St. Louis huanzia hapohapo: wanathibitisha nishani unazostahili kisha wanapeleka ombi kwa jeshi husika zitolewe. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, mambo yenye utata na Purple Heart za kuchelewa huangaliwa na kitengo cha nishani cha kamandi ya rasilimali watu, HRC, kilichoko Fort Knox, Kentucky. Kwa Jeshi la Majini ni kamandi ya watumishi iliyoko Millington, Tennessee. Kwa Jeshi la Anga ni kituo cha watumishi kilichoko kambi ya Randolph, Texas.

Barua yako iwe ukurasa mmoja. Jina kama lilivyokuwa jeshini, namba ya utumishi, kikosi, tarehe, kisha orodha: nishani hii, kwa msingi wa amri hii, ushahidi ni kiambatisho namba hii. Usisimulie maisha. Anayeisoma ana rundo mezani na anatafuta namba ya amri.

Usitegemee DD 214 mpya. Kwa kawaida ya zamani haiandikwi upya. Unapewa DD 215, karatasi fupi inayosema kisanduku fulani kiongezwe hiki na hiki. Vitu vitatu vya baba mkwe vilikuja hivyo, karatasi moja.

Hatua ya 5: Bodi

Ukikataliwa kiofisi, au ikiwa ofisi imesema haina mamlaka, ndipo unachukua DD 149. Msingi wake ni kifungu cha 1552 cha sura ya 10 ya sheria za Marekani, kinachomruhusu waziri wa jeshi husika, kupitia bodi ya raia, kusahihisha kosa au kuondoa dhuluma katika kumbukumbu. Jeshi la Nchi Kavu lina bodi yake, Jeshi la Anga na la Anga za Juu wana yao, Majini na Marine wanashirikiana moja, na Walinzi wa Pwani wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Ukituma kwa bodi isiyo yako umepoteza muda.

Sheria inakutaka uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Isikutishe. Bodi inaweza kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, na kwenye fomu kuna mahali pa kueleza kwa nini umechelewa. Ukweli wa kawaida unatosha: sikujua, nilipata faili langu mwaka huu, hii hapa barua iliyokuja nalo.

Andika ombi mahususi. "Naomba DD 214 yangu iongezwe Purple Heart kwa majeraha ya tarehe fulani" ni ombi. "Naomba nishani zangu zote" si ombi. Ambatisha barua ya ofisi iliyokukataa, maana ndiyo inayoonyesha kwamba umemaliza njia za chini. Tuma nakala, asilia zibaki kwako.

Bodi ikipata maoni kutoka kwa ofisi nyingine ya jeshi itakutumia uyajibu. Jibu, ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, hata kama una aya mbili tu za kusema. Wengi hunyamaza hapa, na maoni hayo hubaki peke yake mezani. Kwa sheria, asilimia 90 ya maombi yanapaswa kuamuliwa ndani ya miezi 10 na yote ndani ya 18. Sisi tulijibiwa mwezi wa 13. Ukikataliwa unaweza kuomba ufikiriwe tena ukiwa na ushahidi mpya, na mpya maana yake ni mpya, si ule ule wenye barua kali zaidi. Baada ya hapo ni mahakama ya shirikisho, na huko tafuta wakili.

Kwa hatua zote kabla ya mahakama huna haja ya kulipa mtu. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina watu waliofundishwa kusaidia bure, na kaunti nyingi zina ofisa wa maveterani. Anayekuomba pesa ili "akuharakishie" mkimbie.

Kama hukuwahi kupendekezwa

Hii ndiyo aina ya tatu, na mlango wake ni mbunge au seneta wako katika Congress. Kifungu cha 1130 cha sura hiyohiyo ya 10 kinamruhusu mbunge kuomba pendekezo lililochelewa liangaliwe kwa sifa zake, hata kama muda wa kawaida umepita miongo mingi. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Anayependekeza awe kamanda wa wakati ule au mtu mwingine anayelijua tukio yeye mwenyewe. Kwa Jeshi la Nchi Kavu hutumika DA Form 638, pamoja na simulizi ya tukio na maelezo ya walioona. Ofisi ya mbunge itakutaka kwanza usaini fomu ya kuwaruhusu kuona habari zako. Mbunge hana uwezo wa kuamua upate. Anachoweza ni kufanya jeshi lilazimike kuangalia na kujibu.

Tafuta mashahidi sasa. Hii ni njia inayotegemea watu walio hai.

Kama veterani amefariki au hajiwezi

Mjane, mtoto au msimamizi wa kisheria anaweza kujaza DD 149, akiambatisha cheti cha kifo au hati ya usimamizi. Katika kudai nishani zenyewe, kila jeshi lina mpangilio wake wa nani anatangulia, na Jeshi la Nchi Kavu huhesabu mtoto mkubwa, kwa hiyo ndugu waelewane kabla ya kutuma maombi mawili yanayogongana.

Karatasi ikishafika

Wapo wanaouliza yote haya ya nini, kwa utepe tu. Purple Heart humweka veterani katika kundi la 3 la kipaumbele la huduma za afya za Idara ya Maveterani na kumwondolea malipo ya kuchangia matibabu ya hospitali na kliniki. Kwa aliyetumikia baada ya tarehe 10 Septemba 2001 na kuondoka kwa heshima, tangu tarehe 1 Agosti 2018 inampa msaada wa masomo wa Post-9/11 GI Bill kwa asilimia 100, hadi miezi 36. Inampa haki ya kuzikwa ardhini kwenye makaburi ya taifa ya Arlington. Inaweza pia kuchongwa kwenye jiwe la kaburi linalotolewa na serikali.

Kwa hiyo DD 215 ikifika, peleka nakala Idara ya Maveterani siku hiyohiyo, na nyingine kwa karani wa kaunti. Nishani zenyewe huja baadaye, kwa kifurushi tofauti, wakati mwingine miezi kadhaa baadaye. Kama hazijaja, omba utolewaji wake kwa barua ukiambatisha DD 215. Baba mkwe alipata ya kwake ndani ya sanduku dogo jeusi. Alilifungua, akalifunga, akaliweka kwenye droo ileile ya soksi, kisha akaniuliza kama nyota ya fedha inakaa katikati ya utepe au pembeni. Inakaa katikati.

Na hizo karatasi mbili, DD 214 na DD 215, zibane kwa pini pamoja. DD 215 haisomeki bila fomu inayoirekebisha, na ukimpelekea karani DD 214 peke yake atasoma kisanduku cha 24 na kukuambia kwamba Purple Heart haimo.